Kesi ya Marehemu wa Muda Mrefu

Nchi yenyewe siitaji, kwa sababu wenyewe hawapendi kusemwa wakiwa hawapo, na mimi si mtu wa kutafuta maneno. Itoshe kusema ilikuwa nchi nzuri, yenye bendera, wimbo wa taifa na televisheni moja, na kwamba baada ya Rais, mtu aliyejulikana kuliko wote alikuwa Matiasi Kipingu. Huyu kwa miaka kumi na mmoja aliigiza Inspekta Dhoruba, mpelelezi asiyeshindwa, kila Jumamosi saa kumi alasiri.

Nyumbani kwake Matiasi alikuwa mtu wa kutafuta miwani aliyoivaa. Aliogopa mbwa, aliogopa ngazi, na barua yenye mhuri wa serikali aliiweka mezani siku mbili kabla ya kuthubutu kuifungua. Lakini akishavaa lile koti refu la Inspekta, akainua kidole na kusema, "Mwizi ni wewe," nchi nzima ilitulia tuli, wala hakuna aliyewahi kumbishia.

Mkuu wa polisi, Kamishna Bungala, hakuwa mjinga hata kidogo. Aliona vijana wake wanahangaika na kesi moja mwaka mzima, na mwishowe jalada lenyewe linapotea, ilhali Inspekta Dhoruba anamaliza kesi kwa dakika hamsini, na matangazo ya sabuni yamo humo humo. Akatoa waraka kwamba kesi zote za televisheni ziingizwe kwenye taarifa ya mwaka ya jeshi la polisi. Mwaka wa kwanza zikafunguliwa kesi hamsini na mbili, zikafungwa hamsini na mbili. Wageni wakaja kutoka nchi za mbali na madaftari yao kujifunza siri. Kesi za wananchi, zile za kuku na baiskeli na nyumba kuvunjwa, hazikuandikwa popote, maana zingechafua taarifa.

Likabaki tatizo dogo. Taarifa ikisema kesi hamsini na mbili zimefungwa, mtu mwenye roho mbaya anaweza kuuliza wafungwa wako wapi. Kamishna akalimaliza na hilo. Mwigizaji aliyetajwa na Inspekta alitiwa pingu palepale studio, pingu za kweli, akapelekwa gerezani akatumikie: mwizi wa mbuzi wiki mbili, mghushi wa vyeti mwezi mmoja. Sheria yake ilikuwa rahisi kueleweka. Anayetajwa na kidole cha Inspekta ndiye anayekamatwa, asiyetajwa haguswi, na rufaa hakuna, kwa kuwa nchi nzima imeona kwa macho yake.

Waigizaji walizoea, wakawa wanapeana zamu ya uhalifu kama watu wanavyopeana zamu ya kuteka maji. Mwandishi wa kwanza wa kipindi aliwahi kuigiza mwizi wa mihuri siku ambayo watu walipungua, na gereza lilipogundua kuwa ana mwandiko mzuri halikumrudisha tena. Tangu hapo Matiasi akawa anaandika mwenyewe. Na kwa miaka yote hiyo hakuthubutu kuandika kesi ya mauaji, kwa sababu mauaji ni kifungo cha maisha, na waigizaji nao wana watoto.

Kisha Rais akaenda ziara Misri.

Alionyeshwa piramidi, akaonyeshwa ngamia, halafu akaingizwa kwenye chumba chenye baridi akaonyeshwa mfalme aliyekufa miaka elfu tatu iliyopita, amelala na kucha zake zote. Rais alisimama mbele yake muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Wasaidizi wake wanasema aliuliza swali moja tu, tena kwa sauti ya chini. "Na huyu madaraka aliyaachia lini?"

Hakuna aliyekuwa na jibu, na Rais akarudi nyumbani akiwa na furaha. Siku ya pili akampigia simu Waziri wa Habari, Mheshimiwa Nyange Kapalata, ambaye alisimama wima mpaka simu ikakatwa. Rais alitaka Inspekta Dhoruba apate kesi ya maiti ya kale kutoka Misri, yenye laana ndani yake, na mtu afe vizuri.

Amri ni amri. Ikaundwa kamati. Wizara ya Afya ikaomba neno mumiani lisitamkwe hewani, maana wazee bado wanazo kichwani zile habari za watu wa kunyonya damu, na wangekimbia hospitali wote. Kamati ikakaa siku nne, chakula cha mchana kikiwemo, ikatoka na jina: Marehemu wa Muda Mrefu. Fundi seremala wa studio akatengeneza jeneza kwa mbao za milango mibovu. Marehemu mwenyewe alikuwa gunia la sufi lililofungwa vitambaa. Bandeji zilikuwa zimekwisha nchi nzima, kwa hiyo wakachana fulana za kampeni za uchaguzi uliopita wakazigeuza ndani nje. Ukitazama vizuri pajani ulisoma nusu ya neno MAENDELEO.

Matiasi akaandika. Marehemu wa Muda Mrefu analetwa kwenye makumbusho ya taifa, profesa anafungua jeneza, kesho yake profesa anakutwa amekufa, kikombe cha chai mkononi. Nani kamuua? Akapeleka majina ya washukiwa kwenye kamati, na barua zikaanza kumiminika. Wizara ya Elimu ikasema profesa hawezi kumuua profesa mwenzake, wao humalizana kwa maandishi. Chama cha madaktari kikasema daktari anaweza kusababisha kifo lakini hawezi kukikusudia. Jeshi likashangaa kwa maandishi kwamba mwanajeshi anaweza kudhaniwa ameua mtu. Viongozi wa dini wakaandika barua moja, wote kwa pamoja, jambo ambalo halijawahi kutokea kabla wala baada ya hapo. Wiki ilipokwisha wote walikuwa wamefutwa, amebaki mshukiwa mmoja tu, mpika chai wa makumbusho, kwa sababu wapika chai hawana chama wala wizara.

Na aliyepangiwa kuwa mpika chai alikuwa Bi Tausi Mangube.

Bi Tausi alikuwa na miaka sitini na minne. Ndiye aliyemfundisha Matiasi kazi, tangu enzi ambazo Matiasi hakujua kuingia jukwaani bila kujikwaa. Alikuwa ameshafungwa mara nne kwa ajili ya kipindi, na mara ya mwisho, alipoigiza kiongozi wa genge la wezi wa mbuzi, alitoka gerezani na kifua kinachopiga filimbi kila baridi ikiingia. Hakuwahi kulalamika. Safari hii alikuja mwenyewe nyumbani kwa Matiasi na karatasi mkononi.

"Shikamoo, Bi Tausi."

"Marahaba, mwanangu. Nimeusoma mchezo wako. Naona wenzangu wote wamefutwa nimebaki mimi na birika."

Matiasi akamvutia kiti.

"Mauaji ni maisha, Matiasi," Bi Tausi akasema. "Sisemi kwamba maisha yenyewe yamebaki mengi. Lakini haya kidogo nilitaka niyamalizie kwangu."

"Sitakutaja, mama. Kamati imefuta watu, haikufuta laana. Muuaji atakuwa laana yenyewe. Laana haina mikono ya kutia pingu."

"Niapie."

Akamwapia kwa kaburi la mama yake, na Bi Tausi, ambaye alimjua marehemu na kumzika, akakubali kunywa maji akaenda zake.

Sehemu ya kwanza ikarushwa. Nchi nzima ikaona jeneza linafunguliwa, ikaona moshi wa udi unatoka, ikamsikia Inspekta Dhoruba akisoma maandishi ya kale kwa sauti nzito ambayo Matiasi mwenyewe alikuwa hajui anayo. "Atakayebeba kitu cha watu wa kale akaenda nacho nyumbani kwake, sikio lake la kushoto litamuwasha siku tatu. Siku ya nne hatahitaji sikio." Sikio lilikuwa la kushoto kwa sababu mwigizaji wa profesa alikuwa ameng'atwa na mbu hapo, na Matiasi hakutaka kupoteza uvimbe mzuri namna ile.

Sasa hapa sina budi kusema jambo ambalo kila mtu alilijua na hakuna aliyelisema. Makumbusho ya taifa yalikuwa matupu. Kwa miaka thelathini, kila kiongozi aliyeyatembelea alitoka na kitu chini ya kwapa, cha kuazima kwa ajili ya utafiti. Vilibaki vibao vya maelezo. Watoto wa shule waliletwa kwa mistari, wakasimama mbele ya ukuta, wakasoma kibao kisemacho "Ngoma ya Mvua, karne ya kumi na saba," wakanakili, wakarudi shule.

Jumapili mchana daktari wa masikio wa hospitali kuu, ambaye kwa kawaida alimaliza wiki na wagonjwa wawili, alipokea mawaziri saba. Wote sikio la kushoto. Aliwatazama kwa tochi akawaambia haoni kitu, na hilo ndilo lililowaua kabisa, kwa sababu ugonjwa usioonekana kwa tochi unajulikana unatoka wapi.

Jumatatu asubuhi msimamizi wa makumbusho, Bwana Hamdani Mkwepu, alifika kazini akakuta Ngoma ya Mvua imekaa mlangoni, imefutwa vumbi. Jumanne kikaja kiti cha enzi cha Mtemi, ambacho Spika alikuwa akikikalia kuvaa viatu. Yakaja meno ya ndovu, ikaja mikuki, ikaja saa ya ukutani ya gavana wa kikoloni ikiwa na jina la Kamishna Bungala kwenye karatasi ya kupokelea. Vingine viliambatana na barua: "Kilichukuliwa kimakosa na mtangulizi wangu." Katibu mmoja alirudisha jokofu, ambalo halikuwahi kuwa la makumbusho, ila alisema kwa hali ilivyo ni heri aanze upya.

Mkwepu akabandika mlangoni orodha ya vitu vyote vilivyopotea, na kila kikirudi anakipiga mstari. Watu wakawa wanakuja kusoma orodha kama wanavyosoma matokeo ya mitihani. Ilipofika Ijumaa ya wiki ya pili kila kitu kilikuwa na mstari, isipokuwa ngozi ya chui ya Mtemi.

Siku hiyo Matiasi alipita pale na koti lake mkononi. Ndani palikuwa hapapitiki. Bibi mmoja alikuwa ameshika mkono wa mjukuu wake mbele ya Ngoma ya Mvua, anamwonyesha pale babu yake mzaa babu alipokuwa akipiga, si katikati, pembeni kidogo, ili isikasirike. Mtoto akauliza kama ngoma italala hapa au itaondoka tena. Bibi akasema italala hapa. Matiasi alikuwa amesimama nyuma yao. Katika miaka kumi na mmoja ya kukamata wezi, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kuona kitu kilichoibwa kimerudi kwa mwenyewe, na furaha aliyoisikia ilimtia hofu.

Hofu yenyewe haikuchelewa. Alipofika nyumbani akakuta barua yenye mhuri, na mleta barua amesimama kungoja aifungue.

Ofisini kwa Waziri walikuwepo wawili, Mheshimiwa Kapalata na Kamishna Bungala. Waziri alikuwa amefunga skafu ikafunika sikio moja.

"Ndugu Kipingu," akaanza, na akasimama, kwa sababu alikuwa hajui kuzungumza zaidi ya sentensi mbili akiwa amekaa. "Serikali hii haiogopi laana. Tangu tupate uhuru serikali hii haijaogopa kitu. Imekabili njaa, ikaipa jina jingine. Imekabili ukame, ikauahirisha. Je, leo itatetemeshwa na gunia la sufi? La hasha. Lakini lazima tujiulize, kama taifa, kama chombo, kama mkondo wa historia: laana ni nani? Haina kitambulisho. Haina anwani. Haijaandikishwa kupiga kura. Tutaishtaki kwa jina gani?"

"Na jalada langu je?" Kamishna akadakia. "Nikiandika muuaji ni laana, nani atalala ndani? Kesi isipofungwa, taarifa ya mwaka ina tundu. Wageni watauliza."

"Kwa hiyo kesho," Waziri akasema, "kwenye sehemu ya mwisho, matangazo ya moja kwa moja, Inspekta atathibitisha kwamba laana haikuwepo kabisa. Ilikuwa sumu kwenye chai. Muuaji ni mpika chai. Wananchi watatulia, viongozi watatulia, na vile vitu vitarudi kwenye utafiti. Malori yatakuwa yanangoja nje ya makumbusho. Kidole kikiinuka tu, yanaanza kupakia."

Matiasi akasogea mbele hatua moja. "Mheshimiwa, Bi Tausi ni mtu mzima. Kifua chake hakiwezi."

"Gerezani kuna zahanati," Waziri akasema.

"Mganga wake mwenyewe aliigiza tapeli mwezi uliopita," Kamishna akaongeza, "kwa hiyo yupo muda wote."

Kisha Waziri akaketi, akasema kwa sauti ya kirafiki kwamba kama mpika chai hatatajwa, itabidi uchunguzi utazame ni nani aliyeyaandika haya mauaji, akapanga mtu afe saa ngapi na kwa kikombe gani. Matiasi akaelewa. Akapewa karatasi ya maneno mapya, akaipokea kwa mikono miwili kama alivyofundishwa.

Alikwenda moja kwa moja kwa Bi Tausi. Alimkuta uani amekwisha kufua, kanga mbili zimekunjwa, blanketi limefungwa kamba, chupa ya dawa ya kifua imetiwa ndani ya soksi isivunjike. Habari za studio zilikuwa zimemfikia kabla ya Matiasi.

"Kaa, mwanangu. Usinitazame hivyo, najua kufunga mzigo wa gerezani."

"Niliapa, mama."

"Uliapa ukiwa hujui. Wewe una watoto watatu na yule mdogo bado hajaanza shule. Ukinitaja nitakuelewa." Akamtandikia jamvi. "Ila usinitaje kwa ile sauti nzito. Nitaje kwa sauti yako ya kawaida, nisishtuke."

Laiti angemtukana. Matiasi alirudi kwake akiwa amevunjika vipande vipande, na chakula alichoandaliwa na mke wake akakirudisha jikoni kilivyo.

Kesho yake saa kumi kasoro dakika tano studio ilikuwa imejaa. Baraza zima la mawaziri lilikaa mstari wa mbele, likiwa limekuja kushuhudia ushindi wa sayansi. Katikati ya jukwaa lilikaa jeneza, limefunikwa, na kando yake Bi Tausi na birika. Kamishna Bungala alisimama pembeni na pingu, maana sehemu hiyo alikuwa akiigiza mwenyewe kila wiki na hakupenda kukosa. Kwenye ukosi wake palikuwa na kipaza sauti. Nje ya makumbusho, upande wa pili wa mji, malori manne yalikuwa yamewashwa, madereva wanasikiliza redio.

Kipindi kikaenda vizuri mpaka dakika ya arobaini na sita. Inspekta Dhoruba akatembea mbele na nyuma, akaeleza jinsi chai ilivyopimwa maabara, akageuka. Karatasi ilisema, "Muuaji ni wewe, mpika chai." Akainua kidole.

Bi Tausi alimwona anasita. Akalitua birika chini taratibu, akajifunga kanga vizuri begani, akanyoosha mikono yote miwili mbele ili Kamishna asihangaike kuitafuta. Alifanya hivyo kumrahisishia kazi mwanafunzi wake. Matiasi akajiona mtu wa hovyo kuliko wote waliowahi kuvaa koti.

Kidole kikampita Bi Tausi, kikaenda kusimama juu ya jeneza.

"Chai haina kosa," akasema. "Mpika chai hana kosa. Muuaji ni laana, na imo humu ndani."

Waziri akainuka, akakumbuka yuko hewani, akaketi. Kamishna akamsogelea Matiasi akanong'ona, na nchi nzima ikasikia, "Matiasi, soma karatasi."

"Nimeshataja, Afande. Asiyetajwa haguswi, sheria ni yako mwenyewe. Fungua jeneza uikamate."

Kamishna akatazama huku na huku. Watu wote wa nchi ile walikuwa wanamwangalia, na Rais naye kwake alikuwa anaangalia. Akaenda mpaka kwenye jeneza. Mkono wenye pingu akauweka juu ya kifuniko, akavuta pumzi, hakufungua. Na ule mkono mwingine ukaanza kupanda wenyewe, polepole, ukapita kifua, ukapita ukosi, ukafika kwenye sikio la kushoto.

Matiasi aliuona mkono ule. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa amekamata wezi aliowaandika mwenyewe, na hakuwahi hata siku moja kumgundua mwizi asiyemtunga. Sasa alikuwa anamtazama mmoja. Ikamjia orodha ya Mkwepu mlangoni, na ule mstari mmoja uliokosekana. Akasahau ile sauti nzito, akauliza kwa sauti yake ya nyumbani.

"Afande, ngozi ya chui ya Mtemi iko wapi?"

"Mimi nilirudisha saa," Kamishna akasema.

"Sijauliza saa."

Kamishna akaitazama kamera, kamera nayo ikamtazama. Jasho likamtiririka mpaka kwenye kipaza sauti kikakoroma.

"Ile si mimi," akasema. "Ni mke wangu aliipenda. Iko sebuleni tu, chini ya meza, watoto wanaikalia. Hatujaikata mahali popote. Kesho asubuhi naileta mwenyewe."

Mstari wa mbele ukacheka, halafu ukakumbuka mambo yake, ukanyamaza. Kamishna akauondoa mkono kwenye kifuniko kama mtu aliyegusa sufuria ya moto. Akasimama wima, akapiga saluti, hakuna anayejua kwa nani, akasema, "Jalada libaki wazi. Mtuhumiwa anaendelea kutafutwa." Muziki ukapigwa, likafuata tangazo la sabuni. Upande wa pili wa mji madereva wanne wakazima malori.

Bi Tausi akakaa chini pale pale jukwaani, mikono yake bado imenyooshwa mbele. Matiasi akamwinamia, akaishusha mikono ile mmoja baada ya mwingine. Wakalia wote wawili bila kuona haya, mafundi wa taa wakiwazunguka kukunja nyaya.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo. Lakini mle nchini kulikuwa na serikali, na serikali haiwezi kuacha kitu chenye nguvu kikae bila mkurugenzi. Wiki mbili baadaye gazeti la serikali likatangaza kuundwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Kudhibiti Laana. Mkurugenzi wake akateuliwa Kamishna Bungala, kwa kuwa hakuna mtu mwingine mwenye uzoefu. Mamlaka ikapewa uwezo wa kutoa vyeti vya msamaha. Mwombaji alileta picha tatu na barua ya mkuu wake wa kazi, akapigiwa mhuri, na kuanzia hapo sikio lake la kushoto lilikuwa salama mwaka mzima. La kulia liliombewa kwa fomu nyingine. Viongozi wakapanga foleni kwa mara ya kwanza maishani mwao, na wengi walisema waliifurahia.

Daktari wa masikio akarudia wagonjwa wake wawili. Inspekta Dhoruba akapewa likizo isiyo na mwisho, na Matiasi akahamishiwa kipindi cha kilimo bora cha muhogo, ambako aliigiza mkulima asiyesikia ushauri.

Mamlaka mpya ilikuwa na jengo zuri, ila halikuwa na samani. Basi Jumatatu moja mchana malori yakaenda makumbusho, safari hii na vyeti vimebandikwa kwenye vioo vya mbele, yakapakia viti, saa, meno ya ndovu, mazulia, na Ngoma ya Mvua ya kuwekea chombo cha maua pale mapokezi. Mkwepu alisimama mlangoni akatia saini kila ukurasa. Walipoondoka alizunguka chumba kwa chumba kukagua vibao vyake vya maelezo, akakuta vyote vipo.

Malori yale yalipita kwenye barabara ya akina Bi Tausi. Matiasi alikuwa uani kwa mama huyo, amekuja kumwamkia, na waliyaona yote manne kupitia upenyo wa uzio. Ngoma ilikuwa juu kabisa, imefungwa kamba.

"Unaona, mama," Matiasi akasema, na sauti yake ilikuwa imekufa. "Yote yale tumefanya bure. Hakuna hata kijiko kilichobaki."

Bi Tausi alikuwa anapepeta mchele. Hakuacha kupepeta.

"Bure kwao," akasema. "Mimi leo ni siku ya ishirini na tatu naamka kitandani kwangu, nafungua dirisha mwenyewe."

Akaweka ungo chini, akajisukuma kwa magoti yake mawili akasimama, akaingia jikoni kuchemsha chai. Na hakuna askari aliyemfuata.